Sultani Aliyeamuru Mtu Asahau

Palikuwa na Sultani, jina lake Mwengo, aliyezoea kuamrisha kila kitu, na mwisho akaamrisha mtu asahau. Msicheke bado. Kusahau ahadi mtu anaweza, tena bila kuambiwa. Kusahau kwa amri ndiko kulikomponza.

Sultani huyo alikwenda ng'ambo kutembea, ale raha na aone ya kuonwa. Mizigo yake ilibebwa na hamali wa bandarini, Vuai, maskini wa Mungu, mgongo mpana na ulimi mkali kuliko wembe. Vuai alikuwa ameoa juzijuzi tu. Alimwacha mkewe, Mize, na hina haijafifia mikononi, na roho ilimuuma, lakini hamali ni nani hata amkatalie Sultani?

Huko ng'ambo mambo hayakumnyookea mtukufu. Alipanda tembo, tembo akaona mto, wakaoga wote wawili. Alinunua viatu vya fahari, vikambana mpaka akatembea pekupeku sokoni. Kila balaa lilipotokea alimgeukia Vuai na kumlaumu, kana kwamba Vuai ndiye aliyemfundisha tembo kuoga.

Siku ya kurudi, meli imekwisha kupiga honi ya kwanza, Sultani akasema haondoki mpaka apande mnara mrefu wa mji ule. Wenyeji wakamwambia ngazi zake nyembamba, tena zinazunguka, huwashinda wengi. Akawajibu kwamba yeye si wengi. Akapanda kwa mbwembwe, Vuai nyuma yake. Kufika juu akachungulia chini. Akaikumbatia nguzo, akafumba macho, akaanza kumwita marehemu mama yake. Honi ya pili ikalia.

Vuai alimwonea huruma, haki ya Mungu. Tena meli ikimwacha Sultani, imemwacha na yeye, na Mize je? Basi akatoa kanga mpya aliyomnunulia mkewe, akamweka Sultani mgongoni, akamfunga mbeleko kama mtoto mchanga, akashuka naye ngazi zote. Watoto wa mji ule wakawasindikiza mpaka gatini kwa makofi.

Walipokuwa baharini, Sultani alipata pumzi, na pumzi ikamrudishia kiburi. Hakushukuru. Alimwamuru Vuai awe amesahau habari yote ya mnara kabla meli haijatia nanga. Asiposahau, meli hiyohiyo itamrudisha ng'ambo akaishi huko, na nyumbani kwake hatakanyaga tena. Asante ya punda ni mateke, walisema wahenga. Punda ni nani hawakusema, nao walikuwa na masultani wao.

Meli ikafika. Mji mzima uko gatini, Kadhi mbele, Mize nyuma kabisa, anasimama kwa ncha za vidole apate kumwona mumewe. Sultani hakungoja hata kiti. Akawasimulia alivyopanda mnara, alivyosimama juu akazisalimu pande zote za dunia, na alivyoshuka bila kujikwaa hata mara moja. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Vuai akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, lakini Sultani alikisikia, na uso ukambadilika. Akawatangazia watu kwamba hamali huyu aliamriwa asahau jambo na hakulisahau, akamtaka Kadhi ahukumu arudishwe ng'ambo papo hapo. Mize aliposikia hivyo akapenya umati mpaka mbele, akasimama kwenye ngazi ya meli, machozi yanamlenga, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

"Umesahau au hujasahau?" Sultani akauliza.

"Nimesahau, Maulana."

"Umesahau nini?"

"Ningekijua, Maulana, ningekuwa sijasahau."

Watu wakaanza kutazamana. Sultani akamsogelea.

"Mbona ulikohoa?"

"Kifua kinanisumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu nibebe mzigo mzito huko ng'ambo."

"Mzigo gani?"

"Hapo ndipo niliposahau, Maulana."

Sultani akapiga makofi kwa furaha. "Kadhi, umesikia. Anaukumbuka mzigo."

"Naukumbuka uzito," akasema Vuai. "Maulana aliamuru kichwa kisahau. Mgongo haukuambiwa kitu."

Kadhi akakuna ndevu kuficha kicheko chake. Lakini kazi yake aliitaka, na Sultani ndiye aliyempa. Akasema amri ya Sultani ni amri, na ikiwa hamali anakumbuka alichokatazwa, basi meli inamngoja. Mabaharia wakashika kamba. Mize hakutoka pale kwenye ngazi.

Vuai akamtazama mkewe. Utani ukamtoka usoni.

"Naikubali hukumu, Kadhi. Nitapanda mwenyewe, sitaki kusukumwa. Ila huwezi kujua kama nakumbuka jambo nililokatazwa mpaka wewe mwenyewe ulisikie, ulijue ni jambo gani. Mimi nikilitaja, nimevunja amri. Huko juu tulikuwa wawili. Aliyebaki wa kulitaja ni mmoja."

Kadhi, kwa kupenda haki au kwa kupenda habari, hilo analijua yeye, akamgeukia Sultani. Mji mzima ukamgeukia Sultani. Wa nyuma wakawaambia wa mbele wakae chini ili kila mtu asikie vizuri, nao wakakaa. Sultani akafungua mdomo. Akaufunga. Akautazama umati, akaitazama meli.

Vuai akaitoa ile kanga kwenye mzigo wake, akaikunjua polepole, akaitandaza begani.

"Simulia tu, Maulana," akasema kwa upole. "Na ukikwama katikati, mgongo wangu upo."