Konde la Bi Kazija

Hapo zamani, na kila nikiisimulia hii damu hunichemka, palikuwa na bibi aitwaye Bi Kazija. Homa ilimlaza, ikamwacha, lakini hamu ya kula haikurudi. Uji aliukataa. Mchuzi aliukataa. Akabaki mifupa na maneno.

Siku moja akasema anataka majani ya saladi, mabichi, kwa ndimu na chumvi. Watu wa nyumbani wakamletea. Akatafuna, akatema. "Mchanga. Mnanizika kabla sijafa?" Wakayaosha, wakarudi nayo. Akatema tena. "Maji matupu. Ndimu imekimbilia wapi?" Akageukia ukutani, akaapa mbele ya wote: "Nina konde moja tu kule bondeni. Atakayeniwezesha kula, mmoja tu, konde ni lake."

Na konde lile si mchezo. Udongo mweusi, maji karibu. Mwenye konde lile halali njaa.

Akainuka Somoe, mkwewe, mke wa mwanawe Makame. Akaosha jani kwa jani, mbele na nyuma. Akamwaga maji, akaenda kisimani, akateka mengine, akaosha tena. Mchanga ukaisha, lakini majani yanachuruzika. Wakayaanika juani, yakanyauka. Wakayafuta kwa kanga, yakapondeka. Somoe akachuma mengine, akaanza upya.

Akainuka Mize, binti wa bibi. Alikuwa amemwona bata akitoka majini, akijikung'uta. Akasuka pakacha la makuti lenye mianya, akalitia kifuniko, akalifunga kamba ndefu. "Tulizungushe," akasema, "maji yatatoka yenyewe."

Akainuka Chausiku, jirani, asiye na udugu na mtu pale. Akashika kamba, akalizungusha pakacha juu ya kichwa, vuu, vuu, vuu. Maji yakaruka ukutani, yakawarukia kuku. Bega likateguka. Akahamishia kamba mkono wa pili, akaendelea. Majani yakatoka makavu, mazima, kama yamechumwa sasa hivi.

Na Makame? Makame alikuwa barazani akicheza bao. Ndimu ilipokamuliwa akainuka, akaichukua sahani mikononi mwa mkewe, akaingia nayo. Bibi bado ameelekea ukutani, hataki kumwona mtu. Makame akaketi kitandani, akamwimbia wimbo ambao bibi alimbembelezea utotoni. "Mama, moja tu, kwa ajili yangu." Bibi akafungua mdomo. Akala jani moja, akala la pili, akamaliza sahani. Akapona. Na alipoweza kukaa, Makame alikwisha kwenda kondeni na jembe. Hata haya hana.

Wanawake wakamfuata huko, wakamleta kwa bibi, wakamshitaki.

Somoe akasema, "Bila mimi ungetafuna mchanga, mama. Vidole vimenikunjamana, na mume wangu ananipokonya sahani mlangoni."

Mize akasema, "Bila mimi wangali wanaanika majani. Kuosha kila mtu anajua. Hili la kuzungusha lilitoka kichwani mwangu."

Chausiku akasema, "La kichwani halikaushi jani. Mkono huu hauinui tena hata ndoo. Sikuzaliwa humu, sina wa kunilimia. Nitakula nini?"

Makame akajibu, "Sahani ile ingekaa mpaka ikaoza. Mama alikuwa hataki. Nani aliyemfungua mdomo?"

Na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana hasemi uongo.

Bi Kazija akawatazama wote wanne, asijue ampe nani. Wala msiniambie wagawane. Bibi aliapa mmoja, na kiapo hakigawanyiki. Msiniambie pia apewe mwanamume kwa kuwa ni mwanamume, nitainuka niende zangu.

Haya, nijibuni nyie mliokula mboga leo mkashukuru mkono uliowaletea sahani: nani alistahili konde lile?