Redio Haionji Muhogo

Redio haionji muhogo. Mmelisikia neno hilo asubuhi hii, mlipomsomea shangazi yenu kutoka kwenye simu kwamba maji ya ndimu yanaponya presha kama ya bibi yenu, naye akawajibu kwa maneno hayo matatu na kuendelea kuchambua mchele. Mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Kaeni basi niwaeleze, maana chanzo chake hakichekeshi.

Kijiji cha Lihembe kiko juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako maji hufuatwa bondeni, kushuka saa nzima na kupanda saa mbili. Watu wake walilima muhogo mchungu kwa sababu nguruwe pori hawaugusi. Lakini muhogo ule una sumu, na kila mwanamke alijua dawa yake: uumenye, uuloweke siku tatu, uuanike mpaka ukauke, ndipo uutwange. Na kabla ya yote, mpishi hukata ncha ya muhogo mbichi, akaitafuna kidogo na kuitema, apime ukali wake.

Mwaka mmoja wa uchaguzi mvua ilichelewa. Diwani, Bwana Chinduli, alikuwa ameahidi bomba la maji miaka mitano nyuma, na bomba halikuonekana. Ndipo jioni moja, kwenye duka la kijiji, redio ikasema wataalamu wamegundua kwamba kuloweka muhogo kunapoteza virutubisho. Chinduli aliidaka habari ile juu juu. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Wazee wetu walihangaika bure. Sayansi imeshasema. Maji yote yale ya nini?" Watu walikuwa wamechoka kubeba ndoo, wakaona wametuliwa mzigo. Habari inayokutua mzigo huiulizi maswali mengi.

Mpishi wa uji wa shule alikuwa mjane aitwaye Somoe. Ijumaa diwani alimletea gunia la unga wa muhogo usiolowekwa, na amri juu yake: Jumatatu watoto mia na ishirini wanywe uji wa unga ule, na mwandishi wa gazeti atakuja na kamera. Somoe alichovya kidole akaulamba. Uchungu ukamkaza ulimi.

Siku mbili moyo wake haukutulia. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mjukuu wake Fadina, aliyekuwa darasa la kwanza. Akikataa, kazi imekwenda. Akipika, Fadina atakunywa.

Jumatatu alipika, kwa kuwa mikono ilishazoea kutii. Saa nne watoto wakapanga foleni na vikombe, wadogo mbele, na wa kwanza kabisa alikuwa Fadina. Mwandishi aliandaa kamera. Diwani alitaka redio ya dukani ionekane kwenye picha, ikawekwa mezani karibu na sufuria, inapiga muziki.

"Mama Somoe, pakua," diwani akasema.

Upawa ukaingia kwenye uji, ukakaa humo humo.

"Mheshimiwa, nina swali dogo."

"Maswali baadaye, mama. Mgeni wetu ana safari."

Fadina akanyoosha kikombe. Somoe alikisogeza pembeni kwa upole, akatoa muhogo mbichi kwenye pindo la kanga, akaukata ncha na kumnyooshea diwani.

"Mwanangu, wewe umezaliwa hapa hapa. Muhogo huu umetoka shamba lililotoa unga huu. Onja."

Diwani aliitazama ile ncha. Mkono wake haukuinuka. "Mimi si mpishi," akasema. "Wataalamu wameshasema redioni."

"Basi na waonje wao." Somoe akaiweka ile ncha juu ya redio na kungoja. Muziki uliendelea. "Naona haionji," akasema. "Redio haionji muhogo, baba. Watakaoonja ni hawa."

"Unajua unapinga serikali?"

"Jana nilikwenda kumjulia hali mama yako. Uani kuna ndoo mbili za muhogo, umelowekwa na kufunikwa. Ameniambia ni chakula chako wewe."

Mwandishi akashusha kamera. Mwalimu mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama kando ya foleni, akasogea mbele. "Mimi nilikuwepo dukani siku ile," akasema. "Tulikikuta kipindi katikati. Hatukusikia ni muhogo gani."

Somoe hakungoja ruhusa. Aliikamata sufuria kwa matambara mawili, akaiburuta hadi shimo la taka na kuumwaga uji. Watoto walilia njaa, Fadina kuliko wote, na wazazi walimlaani Somoe mchana kutwa.

Jioni kipindi kilirudiwa, na safari hii kijiji kizima kilikusanyika dukani kukisikiliza toka mwanzo. Mtaalamu alikuwa anazungumzia muhogo mtamu, ule wa kutafuna mbichi. Mwishoni alionya kwamba muhogo mchungu usiliwe kamwe bila kulowekwa. Hakusema uongo hata kidogo. Nusu waliyoikosa watu waliijaza kwa uchovu wao, na diwani kwa tamaa yake. Wanawake wawili waliinuka bila kuaga wakakimbilia makwao, kwa sababu chungu kilikuwa tayari jikoni na watoto wanangoja.

Chinduli alishinda uchaguzi ule, msishangae. Somoe alibaki na upawa wake, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Baadaye alinunua redio yake mwenyewe akaiweka jikoni, maana hakuwahi kuichukia. Aliisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, kisha akachukua kisu, akakata ncha ya muhogo, akaonja.

Haya, nipeni hiyo simu. Maji ya ndimu, sawa. Ni presha ya nani iliyopimwa, na nani aliipima? Hamjui. Basi bibi yenu ataendelea kumeza vidonge vyake alivyoandikiwa na daktari, na ndimu tutakamulia samaki. Redio haionji muhogo.