Mize na Kidawa Wake

"Mwana wa matambara, kwa mamaye ni hariri."

Mmemsikia Bi Riziki akilisema neno hilo pale barazani, mkacheka, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya. Endeleeni kuchambua karafuu, mikono isilale, mimi yananitosha masikio yenu. Na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sitaki kukatizwa. Methali hii haikushuka na mvua. Ilianza hapa hapa Pemba, kwa msichana mmoja na mwanasesere wake, na ilianza hivi.

Msichana huyo aliitwa Mize. Alikuwa mtoto wa pekee, na nyumba yao ilikuwa peke yake mwisho wa bonde, hata wa kucheza naye hakuwapo ila kuku. Shangazi yake akamwonea huruma. Akachukua vipande vya kanga kuukuu na mfuko wa shati la babaye Mize, akashona kiwiliwili, akakijaza sufi, akatia nywele za makumbi ya nazi na macho mawili ya mbegu za papai.

"Mpokee mwanao," akamwambia. "Na mwana halelewi kwa mkono mmoja."

Mize akampokea kwa mikono miwili, akamwita Kidawa.

Basi wanangu, mtoto akipenda kapenda. Kidawa alipakwa mafuta, alipigwa mswaki, alifichwa jua. Mbegu za papai hukauka zikadondoka, kwa hiyo kila papai lilipoiva Kidawa alipata macho mapya. Msimu wa karafuu, wakubwa wakiwa juu ya mikarafuu, Mize alikaa kwenye jamvi, Kidawa mapajani, bonde zima likinukia na ukungu ukiwa haujaondoka vizuri. Wakubwa walisikika wakizungumza huko juu majanini, sauti bila watu. Mize alimwimbia mwanawe alale, akalala yeye. Na usingizini alimwona Kidawa akitembea juu ya karafuu zilizoanikwa bila kuitikisa hata moja, akigeuka na kumwita mama. Akiamka alimtegea sikio kifuani, na aliapa kwamba alimsikia akipumua. Nani wa kumbishia? Mimi sikuwapo, na nyinyi hamkuwapo.

Wasichana wa rika lake walipokua, wanasesere wao walikwenda jaani. Mize naye alikua, akajua kupika, akajua kusuka ukili wa mikeka, akajua kuona haya. Lakini Kidawa hakwenda popote. Alihamia chini ya mto wa kulalia tu.

Posa ikaja. Mchumba alikuwa Kombo, mwana wa pekee wa Bi Mkasi, mjane wa bonde la pili. Kombo alikuwa kijana mpole, mchapakazi, ila utotoni aliugua ndui, na ndui ilimwachia uso wa mashimo matupu, na ukope mmoja haukufunguka tena sawasawa. Wazee wakakubaliana, siku ikawekwa.

Asubuhi ya harusi Mize alimkuta Kidawa kapasuka tumbo, sufi inamtoka. Angewezaje kumwacha vile? Akatunga uzi, akaanza kumshona. Hajafika kati, mara hodi, wapambaji hao! Mize akamtumbukiza Kidawa chini kabisa ya sanduku lake, akamfunika kwa kanga. Sindano akaisahau tumboni mwake.

Mnajua fungate ya zamani ilivyokuwa. Bi harusi hukaa kitandani, kajitanda, macho chini, na mbele ya mavyaa wake, mama wa mumewe, hafungui kinywa. Akiulizwa, hujibu kwa kichwa. Na katika siku hizo wanawake huja kutazama vyombo alivyotoka navyo kwao.

Basi wakajaa chumbani, udi unafuka, kahawa inazunguka. Bi Mkasi katikati yao, kajivuna huyo!

"Mkazamwana, umepata mume," akasema. "Mwanangu hariri. Uzuri wake utautafuta kisiwa kizima usiuone."

Wanawake wakatazamana, wakakohoa ndani ya kanga zao. Lakini nani angethubutu? Ulimi wa Bi Mkasi ulikuwa na makali.

Sanduku likafunguliwa. Kila kanga iliyonyanyuliwa ilipokewa kwa vigelegele. Mize alijua nani yuko chini. Ikatoka kanga ya mwisho, na hapo akaonekana Kidawa, jicho moja limedondoka, nywele zimesimama, sindano imemkita tumboni.

"Yarabi!" mmoja akamwaga kahawa. "Sanamu!"

"Ina sindano! Jamani, ina sindano!"

"Na nywele zile ni za nani?"

Ah, binadamu! Mara hii mtu akakumbuka kuwa Kombo asubuhi alilalamika tumbo. Kumbe alikuwa amekula embe mbichi, lakini nani aliuliza?

Bi Mkasi akamnyanyua Kidawa kwa mguu.

"Kumbe umeniletea uchawi nyumbani kwangu," akasema. "Mwana ninaye mmoja tu. Hili linakwenda motoni sasa hivi. Na ukililia, utarudi kwenu leo hii."

Akageuka kuelekea jikoni.

Mize alibaki kitandani roho mkononi. Akinyamaza, ndoa itasalimika na Kidawa ataungua. Akisema, atakuwa bi harusi aliyemjibu mavyaa wake ndani ya fungate, na babaye hatanyanyua uso msikitini mpaka afe. Akasikia kuni zikilia jikoni. Akashuka kitandani, mtandio ukamwanguka, akasimama mlangoni.

"Mama, nakuomba. Usimchome mwanangu."



"Mwanao?" Bi Mkasi akauliza. "Mwanao yupi?"

"Huyo mkononi mwako. Anaitwa Kidawa. Nimemlea tangu sijui kufunga kanga. Tumbo lilipasuka, nikawa namshona, wapambaji wakanikatiza. Sindano ni ya kumponya, mama, si ya kumdhuru mtu."

"Haya ni matambara!"

"Kwako, mama."

"Kwa yeyote mwenye macho!"

Mize alijua kuwa neno analotaka kulisema halirudi.

"Mama, tangu nimefika waniambia mwanao ni hariri. Mimi uso wake nimeuona. Ndui imempita pale, kila mwenye macho anaona. Lakini wewe ukisema hariri, sikudhani kuwa unasema uongo. Nimejua tu kuwa wewe ni mamaye. Basi na mimi niachie wangu."

Lo! Wanawake walitazama chini, kila mmoja akaona kuwa ana kazi na ncha ya kanga yake.

Bi Mkasi alisimama vile vile, Kidawa ananing'inia. Yeye peke yake ndiye aliyejua ilivyokuwa mwaka wa ndui, majirani walipomwambia mtoto apelekwe kibandani shamba akafie huko, wala asiguswe. Alikwenda naye huko kibandani. Alimlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akawa anamwambia sikioni, mwanangu mzuri, mwanangu hariri, ili mtoto asiisikie harufu yake mwenyewe. Na tangu hapo hakuacha kumwambia.

Machozi yakamtoka mbele za watu, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mumewe hakulia hadharani. Akaketi pale pale kizingitini. Akamgeuza Kidawa, akamweka vizuri mapajani kama anavyowekwa mtoto, akaishika ile sindano, na akaumalizia mshono mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Akaukata uzi kwa meno.

"Mchukue," akasema. "Mwana wa matambara, kwa mamaye ni hariri. Na nyinyi mnaotutazama, kahawa imewaishia?"

Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, na neno hilo wakaondoka nalo.

Lakini Mize hakupata raha. Aliogopa kuwa maneno yake yamemfikia Kombo, na kweli, Kombo alikuwa ukumbini muda wote. Alipoingia alasiri, Mize alificha uso.

"Nimesikia," Kombo akasema.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kioo ninacho. Watu husema kisogoni, na mama husema hariri. Wewe ndiye wa kwanza kulisema lilivyo bila kunicheka." Akamwangalia Kidawa, akatoka, akarudi na kipande cha papai. "Huyu naye hana jicho. Atatuonaje?"

Hapo Mize alimpenda mumewe. Ninasema hivyo wazi, msinitumbulie macho.

Miaka ikaenda. Bi Mkasi akafa akiwa amekamatwa mkono na mkazamwana wake. Mize akazaa, akajukuu. Kidawa akabadilishwa ngozi mara nyingi, kanga juu ya kanga. Wajukuu walimletea Mize wanasesere wa dukani, wenye macho ya kufumba na kufumbua. Aliwasifu, akawapa watoto wa jirani.

Mwishoni Mize akawa analala mchana kutwa, akiamka kidogo, akizungumza na watu waliokwishakwenda, akiimba ule wimbo wa jamvini. Majina ya watoto wake yalimpotea moja baada ya jingine. La Kidawa halikumpotea.

Siku moja mke wa mjukuu, mgeni bado katika nyumba hiyo, alipokuwa akitandika kitanda cha bibi, akaokota kitu chakavu kwenye shuka, akakitupa uani pamoja na taka. Mize akaamka, akapapasa ubavuni, hakukuta kitu. Hakupiga kelele. Mkono tu uliendelea kupapasa, na midomo ikimcheza.

Kombo, mzee wa mkongojo sasa, aliuona mkono ule. Akatoka uani, akainama kwa taabu, akamtoa Kidawa kwenye taka, akampangusa kwa kanzu yake safi. Akaja kumweka kifuani pa mkewe. Mkono ukatulia, na Mize akarudi usingizini akitabasamu.

"Babu, nilidhani ni matambara," yule binti akasema kwa aibu.

Mzee akamgeuzia uso wake wa mashimo, akacheka kidogo.

"Ni matambara, mwanangu. Hukukosea. Lakini mwana wa matambara, kwa mamaye ni hariri."