Shahidi wa Soko la Wadlitoni

Hapo zamani, katika nchi ya Waingereza, ambako mvua hunyesha kutwa na watu husema ni umande tu, palikuwa na mji mdogo wa soko ukiitwa Wadlitoni. Ulikuwa na barabara moja iliyopinda, kanisa lenye mnara ulioinama kidogo, ngome ya lodi, bwana mtawala wa mji, juu ya kilima, na katikati uwanja ambao kila Jumanne ulijaa jibini, sufu, na bata bukini wengi kuliko watu. Siku nyingine za juma mji ulilala fofofo, na mgeni aliyepita Jumatano angedhani wenyewe wamehama.

Watu wa Wadlitoni walikuwa na vichwa vigumu, na hilo si tusi, maana iliwabidi. Mfalme mmoja wa kale aliwapa hati ya kuwa na soko, nao wakaihifadhi mahali walipopaona salama, ndani ya sanduku la jibini, na panya wakaila pamoja na muhuri wake. Tangu hapo wakaapa kwamba habari za mji hazitawekwa tena ndani ya kitu kinacholika. Wakaziweka katika jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa katikati ya uwanja, kubwa kama kondoo aliyelala, na desturi ikawa hii: kila aliyetaka kuhesabiwa kuwa mwenyeji, awe kijana aliyebaleghe, bibi harusi aliyeolewa kutoka mji mwingine, au kasisi mpya, alipinduliwa miguu juu kichwa chini, wenyeji wawili wakamshika, kila mmoja na mguu wake, kisha utosi wake ukagongeshwa jiweni ili akumbuke. Akumbuke nini? Akumbuke yote: kwamba soko ni Jumanne, kwamba bukini hupita upande wa kisimani, na kwamba watu wa Mugfodi, mji wa jirani, si wa kuaminiwa kwenye mizani. Ukimuuliza mtu wa Wadlitoni amejuaje jambo lililotokea kabla babu yake hajazaliwa, alikujibu bila kupepesa jicho, "Niligongeshwa."

Basi mjini humo alikuwamo fukara mmoja, jina lake Hobi. Aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya tenga la bukini, soko lilipokwisha na wenye matenga wote wamekwenda zao, na mwenye tenga lile hakurudi kulidai. Akakulia sokoni, akalala sokoni, na kazi yake ilikuwa kuwashikia watu bukini wao walipokwenda kunywa pombe ya shayiri. Walimwita mpumbavu, kwa kuwa alifanya kila jambo kama alivyoambiwa. Ukimwambia, "Hobi, mtazame bukini wangu," alimtazama kweli, na bukini akiondoka zake Hobi aliendelea kumtazama mpaka akatokomea nyuma ya kanisa.

Lakini siku ya Jumanne Hobi alikuwa mtu. Aliitwa kwa jina huku na huku, alitukanwa, alipewa ganda la jibini, na yote hayo aliyapenda. Jambo moja tu lilimchoma moyo: hakuwahi kugongeshwa. Yalihitajiwa mapenzi ya watu wawili, mmoja kwa kila mguu, na katika miaka yote ile hakutokea hata mmoja wa mguu mmoja. Si kwamba walimchukia. Hakuna aliyewaza kwamba Hobi naye ana la kukumbuka.

Ikawa lodi mzee alifariki, na ngome ikarithiwa na mpwa wake, Lodi Osberti, kijana aliyelelewa mji mkuu, ambako watu wakubwa huamka adhuhuri na kuiita asubuhi. Jumanne yake ya kwanza bukini wote wa wilaya walipita chini ya dirisha lake alfajiri. Lodi Osberti akaruka kitandani akidhani ngome imevamiwa, akavaa chapeo juu ya nguo za kulalia, akashuka ngazi na upanga mkononi, akakutana uso kwa uso na bukini dume ambaye hakumwogopa hata kidogo. Alirudi juu na jeraha mahali ambapo hekaya ya heshima haiwezi kupataja.

Siku ile ile akatoa amri: soko lifungwe, uwanja upandwe mawaridi.

Wenyeji wakapanda kilima, kofia mikononi, na Hobi nyuma yao, kwa kuwa palipo na watu alifuata. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Bibi Merieli, mjane muuza jibini, mwanamke ambaye hata mvua ilimsikiliza.

"Lodi wangu mtukufu," akasema, "soko hili ndiyo riziki yetu. Nalo lipo tangu enzi na enzi."

"Hati iko wapi?" Lodi akauliza.

Watu wakatazamana, kisha wakatazama chini. Mzee Baldwini, msimamizi wa ngome, aliyezijua sheria zote za nchi na kuzihuzunikia, akakohoa na kusema, "Lodi wangu, hati haipo. Lakini sheria yasema, asiye na hati na alete shahidi. Na hakimu, naye ni wewe, akikataa kumpokea shahidi, kesi yake imeanguka."

Lodi Osberti akatabasamu. "Vyema sana! Basi nileteeni shahidi. Lakini sitaki wa kuambiwa na babu yake. Namtaka shahidi aliyekuwapo pale uwanjani kwa nafsi yake, siku soko lilipofunguliwa mara ya kwanza. Jumanne ijayo anishuhudie mimi mwenyewe. Nikilikiri neno lake mbele yenu, soko litadumu milele. Asipopatikana, nitakuja na miche ya mawaridi."

Watu wakaanza kuvaa kofia zao waondoke, maana kila mtu alijua kwamba waliokuwapo siku ile wamekwisha kuwa udongo. Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma ikisema, "Yupo."

Ilikuwa sauti ya Hobi. Mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutoka nyumbani kabla ya mwenyewe.

"Yuko wapi?" akanguruma Lodi.

"Ni mzee mno, Lodi wangu, hawezi kupanda kilima. Itakubidi ushuke."

"Nitashuka. Nawe ukiwa umenifanyia mzaha, utatupwa katika dimbwi la bata, kisha utapelekwa kuishi Mugfodi."

Watu wote wakashika vifua. "Mugfodi, Lodi wangu?" akalia mchinjaji mmoja. "Si afadhali umnyonge tu?"

Basi siku zikapita, na Hobi akakonda kwa hofu, maana shahidi mwenyewe hakumjua. Alikuwa amesema yupo kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia kwamba hayupo. Jumatatu jioni Bibi Merieli akamkuta ameketi juu ya tenga tupu, akampa mkate.

"Hobi mwanangu, niambie kweli. Huyo shahidi ni nani?"

"Sijui, mama," akajibu Hobi, na machozi yakamtoka. "Soko likifungwa, ninyi mtakuwa watu msio na soko. Mimi nitakuwa si kitu. Jumanne ndiyo inayonifanya niwepo."

Bibi Merieli akaketi kando yake, akatazama huku na huku, akanong'ona. "Nami nikuambie siri yangu. Nilizaliwa Mugfodi."

Hobi akaacha kutafuna.

"Nililetwa hapa bibi harusi, wakanipindua, wakanigongesha. Na amini usiamini, tangu siku ile nakumbuka soko la kwanza utadhani nilikuwapo. Nakumbuka baridi yake. Jiwe lile lilinitia hayo kichwani, sijui kwa njia gani." Akajikuna utosini.

Hobi akamtazama, akalitazama jiwe, akaanza kucheka peke yake mpaka Bibi Merieli akahofu kwamba njaa imempanda kichwani.

Kesho yake Lodi Osberti akashuka na mzee Baldwini, na mikokoteni ya miche nyuma yao, naye amevaa kofia yenye unyoya mrefu. Uwanja ulijaa watu, hakuna aliyeuza wala kununua, hata bukini walinyamaza. Lodi akapandisha buti lake juu ya jiwe na kusema, "Haya! Shahidi yuko wapi?"

"Umemkanyaga, Lodi wangu," akasema Hobi.

Lodi akatazama chini. "Hili? Hili ni jiwe!"

"Ndilo. Je, lilikuwapo siku soko lilipoanza?"

Mzee Baldwini akakohoa. "Lilikuwapo, Lodi wangu. Soko lilifunguliwa kwa kulizunguka."

"Lakini jiwe halisemi!"

"Lodi wangu alitaka shahidi aliyekuwapo," akajibu Hobi kwa adabu. "Hakutaka shahidi mwenye mdomo. Nalo husema, ila halisemi na sikio, husema na utosi. Waulize hawa walijuaje habari za mji."

Lodi akawageukia watu. "Mlijuaje?"

"Tuligongeshwa!" wakaitika wote kwa pamoja, na sauti iliyotetemeka kuliko zote ilikuwa ya mzee Baldwini.

Lodi Osberti akamkazia macho msimamizi wake. "Hata wewe?"

"Nikiwa kijana, Lodi wangu. Na sheria ni ile ile. Hakimu akimkataa shahidi, kesi imeanguka."

Basi Lodi akaona ameshikwa, naye alikuwa na majivuno kuliko hekima, akavua kofia na kusema kwamba jiwe halimtishi. Aliposema hivyo tu, watu wakamvamia kugombea miguu. Wachinjaji wakasukumana na waoka mikate, kasisi akampiga kikumbo shemasi wake, na Hobi, aliyesimama kando, akaitazama miguu yake mwenyewe; maana huyu alikuwa mjini kwa siku chache tu, na mji mzima ulimgombea kwa mguu mmoja. Mwisho wachinjaji wawili wakashinda, Lodi akapinduliwa, na utosi wake ukashushwa jiweni.

Ko!

"Umesikia nini, Lodi wangu?" akauliza Hobi.

"Sikusikia kitu!"

"Ni mzee, huanza polepole."

Ko!

"Nasikia kengele!" akalia Lodi.

"Kengele!" watu wakapiga kelele. "Kengele ya kufungulia soko!"

Ko!

"Naona nyota!"

"Nyota!" wakaitika. "Wazee wetu walifungua soko alfajiri!"

"Na bukini je?" akauliza Hobi. "Umewaona?"

Lodi, ambaye macho yake kule chini yalitazamana na bukini dume yule yule wa ngazini, akapiga ukelele. "Namwona! Namwona! Walikuwapo! Soko lilikuwapo! Nakumbuka! Niinueni, nakumbuka kila kitu!"

Vifijo vikapanda hata mnara wa kanisa ukadhaniwa umenyooka. Lodi akasimamishwa, akayumba, na Bibi Merieli akamwekea kipande cha jibini baridi juu ya nundu. Alipoinua uso akaona kwamba watu wanamtazama kwa namna nyingine, bila hofu na bila kinyongo, kama wanavyotazamana wenyewe. Akataka kukasirika, akashindwa.

"Ewe Hobi," akasema, "umeniweza. Nimekiri mbele ya watu na sitarudi nyuma. Sasa sema, wataka nini? Nyumba? Dhahabu?"

Hobi akavua kofia yake iliyotoboka. "Lodi wangu, nataka nigongeshwe."

Watu wakageukiana, wakaulizana kwa macho nani alimgongesha Hobi, na jibu lilipowafikia wakaona haya kweli kweli. Bibi Merieli akatangulia, akilia waziwazi, akaushika mguu wa kulia. Kabla mwingine hajafika, Lodi Osberti, jibini utosini, akainama akaushika wa kushoto. Wakampindua taratibu, na utosi wa Hobi ukaligusa jiwe la Wadlitoni.

Ko!

Walipomsimamisha, machozi yalimtiririka, na Lodi akamwinamia akanong'ona, "Niambie kweli. Umesikia nini?"

Hobi akapapasa nundu yake kwa mapenzi makubwa. "Sikusikia kitu, Lodi wangu. Inauma tu."

Lodi Osberti akakodoa macho, kisha kicheko kikamtoka hata akakalia jiwe, na jibini likaanguka, na bukini dume akalila. Miche ya mawaridi wakapewa watu wa Mugfodi, ambao hawakuwahi kujua kwa nini. Naye Hobi tangu siku ile akawa mshika miguu mkuu wa mji, na kila Jumanne alfajiri Lodi aliamka wa kwanza, akaketi dirishani akiwangoja bukini wapite.

Hekaya hii nimeisimulia kama ilivyonifikia. Mwenye kuitilia shaka asibishane nami. Jiwe lipo uwanjani, na aende na utosi wake.