Koti Darajani

Wapendwa, tulieni kidogo, mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, hakuna shida. Nataka niwaeleze habari za binti mmoja. Tumwite Domitila.

Domitila aliingia nchi ile akiwa mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa kanga, hata meno hajaota. Kule walikotoka watu walikuwa wanachinjana. Mama hakuuliza mpaka uko wapi, alikimbia tu. Basi mtoto akakulia pale. Akasoma pale, akaimba wimbo wa taifa kila asubuhi mstarini, na mama alipofariki akamzika pale pale. Alipokuwa mkubwa akawa fundi cherehani, anashona sare za shule. Lugha aliyoijua ni moja tu, ya pale.

Siku moja redio ikatangaza kwamba wabunge wamepitisha sheria: asiye na karatasi arudi kwao. Haikusema lolote juu ya aliyeletwa akiwa mchanga.

Tangu hapo hofu ikahamia kwake kama mpangaji. Gari likipunguza mwendo nje, mguu wake unaganda juu ya cherehani. Mteja akibisha hodi, haitikii mpaka aijue sauti. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu njia ya kanisani inapita kituo cha polisi. Mnajua hofu ya namna hiyo? Ya kumwogopa hata jirani uliyemwazima chumvi jana?

Polisi walimkuta anampima mtoto wa shule kiuno. Akapandishwa kwenye gari futi ikiwa bado inaning'inia shingoni, mtoto amebaki amesimama, mikono juu, hajui aishushe au la.

Wakamfikisha mpakani. Pana daraja refu pale, geti upande huu, geti upande ule, na chini mto unanguruma. Wakamwambia vuka. Akavuka. Afisa wa ng'ambo akamsemesha kwa lugha ya kule. Domitila akamtumbulia macho tu. Afisa akabadili lugha.

"Kijiji chenu kinaitwaje?"

"Sijui, afande."

"Una ndugu gani huku?"

"Sijui. Mama hakupenda kuzungumza habari hizo."

Afisa akatikisa kichwa. "Huyu si wetu. Rudi ulikotoka."

Akarudi. Alipofika geti la upande wake, akamtambua aliyesimama pale na sare. Moyo ukamruka kwa furaha. Alikuwa Evaristi, waliyekaa naye dawati moja darasa la tatu.

"Evaristi! Ni mimi, Domi. Wamenikataa kule. Nifungulie."

Evaristi akatazama buti zake. "Nimekujua, Domi. Lakini siwezi. Si mimi, ni sheria."

"Basi niende wapi?"

Evaristi akalikagua komeo la geti.

"Evaristi, naogopa. Niambie tu niende wapi."

Jioni ikaingia na mvua ikaanza. Malori yalipita, geti likiinuka na kushuka, linainuka kwa magunia ya vitunguu, linashuka kwa Domitila. Evaristi hakuwa na roho mbaya, jamani. Alimletea chai ya moto. Akavua koti lake na kumpitishia kwenye nafasi ya geti. Zamu yake ilipoisha akaenda nyumbani, akala na watoto wake, lakini usingizi haukuja.

Asubuhi alifika mapema. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya ukingo wa daraja. Domitila hayupo. Akauliza wenzake, akauliza wa ng'ambo. Hakuna aliyemwona akivuka upande huu, wala upande ule. Evaristi akainama ukingoni, akaita jina lake. Mto ukaendelea kunguruma.

Mnaguna. Mnamlaani Evaristi moyoni. Taratibu, wapendwa, maana Evaristi ni sisi.

Mwezi uliopita hapa hapa tulikusanya mablanketi ya wakimbizi. Tulipiga na picha. Je, kuna hata mmoja wetu aliyemwendea mbunge wake akamwambia, "Hii sheria ibadilishwe"? Tumegawa makoti, geti tumeliacha limeshuka. Koti linazuia baridi. Halimpi mtu mahali pa kukanyaga. Na tukiulizwa, tunasema ni sheria, kana kwamba sheria ilianguka kutoka mawinguni kama mvua ya mawe. Iliandikwa na watu. Watu walikaa kwenye viti, wakagonga meza, wakaenda kula chakula cha mchana.

Waheshimiwa wabunge mliokaa viti vya mbele, karibuni sana, na siwaambii haya ili kuwaaibisha. Mswada wa kuwalinda walioletwa wakiwa watoto utafika mezani kwenu wiki hii. Naomba kitu kimoja tu. Ibada ikiisha, msiende moja kwa moja kwenye magari. Piteni uwanjani, watoto wa shule ya Jumapili wanacheza kule. Baadhi yao walikuja migongoni. Simameni, muwatazame wakikimbia, muwasikilize wakipiga kelele. Kisha mrudi hapa mlangoni, mnionyeshe kwa kidole ni yupi mgeni.

Nitawasubiri.