Njuga za Digidigi

Hapo zamani za kale, na wewe unayetafuna huko nyuma meza kwanza, Digidigi alikuwa bingwa wa kuruka juu. Binti mdogo namna ile! Vimiguu kama njiti! Misimu minne mfululizo aliruka ufito na hakuna aliyemfikia. Bingwa alivishwa njuga mguuni, basi kila akipita zinalia: chwa! chwa! chwa!

Kabla yake, njuga hizo zilikuwa za jirani yake, Mama Pofu, yule swala mkubwa kuliko swala wote. Lo, wivu ule! Akisikia chwa, lazima ageuke. Uji unafurika, yeye kageuka. Mtoto anamwita, yeye kageuka.

"Mke wangu, chungu kinaungua!" mumewe akalia.

"Chungu gani? Humwoni anavyoringa? Ananipitia makusudi!"

"Anakwenda kisimani."

"Aende na njia nyingine! Roho inaniuma, baba watoto, inaniuma!"

Msimu wa tano ulipofika, Mama Pofu akamwendea Twiga, mwamuzi.

"Safari hii ufito uwekwe juu sawa na mgongo wa Punda Milia. Digidigi akishindwa, nami nikiuvuka, njuga ni zangu, naye asiruke tena maisha yake."

"Na mkishindwa wote?"

"Abaki nazo. Lakini nishindwe mimi? Thubutu!"

Digidigi aliposikia, akautua mtungi wake chini. Hajawahi kuvuka hata kifua cha Punda Milia.

"Kuruka ndiyo kazi pekee ninayoijua," akajiambia. "Nikikatazwa, nitakuwa nani?"

Siku ikafika. Punda Milia akasimama kando, ufito ukapimwa mgongoni kwake. Digidigi akaja mbio, chwa-chwa-chwa-chwa, hop! Kwacha! Ufito chini. Mama Pofu akapiga vigelegele peke yake.

"Vua njuga! Vua sasa hivi!"

"Ruka kwanza, mama," Digidigi akajibu kwa adabu.

Ufito ukarudishwa. Mama Pofu akarudi nyuma, akaja. Puu! Puu! Puu! Akapaa. Na tuseme kweli, aliruka jamani! Miguu ya mbele imevuka, tumbo limevuka, bado kwato za nyuma tu.

Digidigi akapiga mguu chini mara moja. Chwa!

Shingo hiyoo, ikageuka! Kwato zikanasa. Kwacha! Puu! Mama Pofu na ufito, wote mavumbini.

"Hila! Amenifanyia hila!"

"Nimefanya, mama," akasema Digidigi. "Sikuwa na njia nyingine."

Twiga akainamisha shingo yake ndefu. "Njuga tumezisikia sote, Mama Pofu. Mbona umegeuka wewe tu?"

Kisha akamwambia Digidigi, "Baki nazo."

Digidigi akachukua mtungi wake akashika njia ya kisimani, chwa, chwa, chwa. Na Mama Pofu, palepale alipolala, vumbi mpaka puani, akageuka kumtazama.

Basi, wanangu, shikeni hili: mwenye kijicho huangushwa na jicho lake mwenyewe.