Sinia la Somoe

"Walezi wasiosemezana, mwana hulala na njaa." Nimewaona mlivyotazamana nilipolitamka neno hili, na mmoja wenu akanong'ona kwamba mtoto mwenye walezi wengi atalalaje njaa. Sogeeni basi, niwaambie lilikotoka. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele hapachekeki.

Kandokando ya Mto Rufiji aliishi mjane aliyeitwa Somoe, na mwanawe wa pekee, Mshamu, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mwaka huo mto ulifurika ukameza bustani zote, migomba na mipapai ikazama. Watu walikula mpunga wa ghalani, mihogo ya mashamba ya juu, na samaki, ambao kuwapata hakukuwa na tabu kwa kuwa waliogelea mpaka uani. Zaidi ya hapo palikuwa na majani ya kunde tu.

Mshamu akashikwa na homa na tumbo la kuhara. Somoe akamwita Bi Nyamwani, mkunga aliyemzalisha. Bi Nyamwani akamnywesha mizizi, akasema, "Asile kitu cha majini mpaka nikwambie." Homa ikapungua, upele ukamtoka. Akaitwa mganga Mbonde, akampaka dawa, akasema, "Asile chochote chenye punje." Upele ukakauka, lakini mtoto akawa anaweweseka. Akaitwa Mwalimu Matimbwa wa chuo cha Kurani, akamwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Naye akasema, "Asile kitu kilichochimbwa ardhini."

Sasa, desturi ya kijiji kile ilikuwa moja. Mwiko ni siri ya tabibu na mama wa mtoto. Ukivuka ukasikika kwa tabibu mwingine, dawa inalala, na mtoto akifa lawama ni ya mama. Kila mmoja wa wale watatu alimkumbusha Somoe jambo hilo kabla ya kuvaa viatu vyake. Somoe alikuwa mtu wa kushika neno, akayashika yote matatu.

Hakuwa mjinga. Aliinama juu ya chungu kila siku akaona hana cha kumpakulia mwanawe ila majani ya kunde na maji yake. Lakini alijiuliza, wakubwa hawa watatu, kila mmoja na elimu yake, watakosea wote kwa pamoja? Labda njaa ndiyo dawa yenyewe. Labda yeye ndiye hakusikia vizuri. Kichwa kilimzunguka asijue ashike lipi.

Kilichomchanganya zaidi ni pale walipokuja kumjulia hali mgonjwa. Bi Nyamwani alimpapasa mtoto mbavu akashangaa. "Homa imetoka, mbona anakonda? Mpe wali laini, mwanangu."

"Ndiyo, bibi," alijibu Somoe, na wali hawezi kuupika.

Mbonde naye akaja. "Huyu mpe muhogo wa kuchemsha, apate nguvu."

"Ndiyo, baba."

Mwalimu akasema mchuzi wa samaki. Somoe akasema ndiyo, akaingia ndani akalia. Huko nje watu walikwisha kuanza kusema kwamba Somoe ni mvivu wa kupika, mtoto anamfia mikononi na chakula kimejaa ndani. Hata wale watatu, kila mmoja kivyake, waliamini hivyo.

Asubuhi moja Mshamu alikuwa amesimama karibu na kinu, akaanguka, na hakuinuka. Majirani wakapiga kelele, huyu akakimbilia kwa mkunga, yule kwa mganga, mwingine chuoni. Kwa mara ya kwanza watatu wale wakakutana chini ya paa moja. Wakaamkiana kwa adabu nyingi, kama watu waliokutana msibani. Bi Nyamwani akamlowanisha Mshamu uso, mtoto akafumbua macho.

Somoe hakujua la kufanya, basi akafanya lile ambalo mikono yake ililijua. Wageni wamekuja, na mgeni haondoki na njaa. Akaenda jikoni akapika vyote alivyokuwa navyo, akaleta sinia moja lenye wali, muhogo na perege wa kukaanga, akaliweka mbele yao.

Harufu ikamfikia Mshamu. Akajikokota kutoka mkekani, akanyoosha mkono kwa samaki. Bi Nyamwani akaudaka. "Samaki hapana, mjukuu wangu."

Mkono ukahamia kwenye wali. "Wali hapana!" akasema Mbonde.

Ukahamia kwenye muhogo. "Achana na muhogo, mwanangu," akasema Mwalimu.

Mtoto akamtazama mama yake. "Mama, mimi nile nini?"

Watatu wale walitazama sinia, wakatazamana, na hata hapo kila mmoja alisubiri mwenzake aanze, maana mwiko hautamkwi, ijapokuwa miiko yote ilikwisha kuwaponyoka midomoni. Somoe ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Semezaneni!" alipiga kelele. "Semezaneni hapa hapa, au mniambie kaburi nilichimbe wapi!"

Bi Nyamwani aliinamisha kichwa. "Mbonde, ningejua umemkataza wali, nisingemkataza samaki."

"Nami ningejua hali samaki," akasema Mbonde, "ningekuwa wazimu kumnyima wali?"

Mwalimu alijifuta uso kwa kanzu. "Nilimkataza muhogo nikiamini anakula vile viwili. Mungu atusamehe. Mpe wali, Somoe. Mpe kidogo kidogo, tumbo limesahau."

Akamlisha kwa vidole vyake, matonge madogo madogo, na wale wakubwa watatu wakakaa kumtazama mtoto anavyotafuna. Wao wenyewe sinia hawakuligusa.

Mshamu alipona. Na kwa kuwa binadamu hatuachi kupenda sifa, haikupita muda watu wakaanza kubishana, nani hasa aliyemponya, mkunga, mganga au Mwalimu? Wakamwendea Somoe akate shauri. Somoe hakumsifu yeyote, wala hakumlaumu yeyote. Aliwajibu neno moja, akarudi kwenye chungu chake:

"Walezi wasiosemezana, mwana hulala na njaa."